Daftari la Waliofia Ugenini

Mnamo Septemba 1833 Mmarekani mmoja, Edmund Roberts, alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan huko Maskati. Himaya ya Sayyid wakati huo ilianzia Oman ikashuka hadi pwani yetu. Mkataba huo hukumbukwa kwa ushuru wake wa asilimia 5, lakini karibu na mwisho upo kifungu ambacho wengi hukipita haraka. Kinawapa makonseli wa Marekani mamlaka ya kupokea mali ya raia wao atakayefia katika nchi za Sayyid na kuipeleka kwa warithi, baada ya kwanza kuyalipa madeni anayodaiwa na raia wa Sayyid. Kaburi halikutajwa, wala maziko, wala habari ya kumjulisha mama wa marehemu huko kwao. Mikataba ya Uingereza ya 1839 na Ufaransa ya 1844 ilipita njia hiyo hiyo. Roberts mwenyewe alifia Macau mwaka 1836, akiwa bado katika safari za kutafuta mikataba, mbali na kwao New Hampshire. Alikuwa mtu wa aina ile ile ambayo kifungu chake kiliihangaikia.

Nadai hapa kwamba usajili wa kifo cha raia aliyefia nje ya nchi yake haukuletwa na huruma, wala na hamu ya serikali kujua idadi ya watu wake. Uliletwa na mirathi. Aliyeandikwa ni yule ambaye kifo chake kingemleta mdai mwenye nguvu mlangoni. Asiyekuwa na mdai wa namna hiyo alikwenda bila karatasi, hata pale jina lake lilipojulikana vizuri. Afrika Mashariki inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa watu wa kila daraja wamefia hapa wakiwa wageni: mabaharia wa Salem ya Marekani, wafanyabiashara wa Kutch, watumwa kutoka Nyasa, wapagazi wa misafara, na katika Vita Kuu ya Kwanza makumi ya maelfu ya vijana waliobebeshwa mizigo ya jeshi.

Marekani ilikuwa imekwisha kulipanga jambo hili muda mrefu kabla ya Roberts kupewa kazi hiyo. Sheria yake ya makonseli ya mwaka 1792 iliagiza kwamba raia akifa ugenini bila kuacha mwakilishi wa kisheria, mshirika wala mdhamini, konseli aichukue mali yake na kuiorodhesha akisaidiwa na wafanyabiashara wawili wa Kimarekani, au wengine kama hao hawapo. Akusanye madeni, auze kwa mnada vitu vya kuharibika, awalipe wadai wa hapo hapo, na salio alipeleke hazina. Kifo kitangazwe gazetini na serikali iarifiwe, ili warithi wajitokeze. Si vigumu kuwaza kazi hiyo ilivyofanyika katika bandari kama Unguja: sanduku la marehemu limefunguliwa, mmoja anataja, mwingine anaandika, koti, saa, viatu, vitabu vya hesabu, fedha taslimu kiasi kadha. Jina la mtu liliingia daftarini likiwa kichwa cha orodha ya vitu.

Itasemwa kwamba Waingereza walikuwa na nia pana zaidi. Ni kweli kwamba kuanzia 1849 makonseli wao walipewa kazi ya kuandikisha ndoa, vizazi na vifo vya raia wa Uingereza katika nchi za kigeni, na kupeleka nakala London kwa msajili mkuu. Hapo hakuna saa wala viatu. Hata hivyo tuangalie mambo matatu yaliyochaguliwa. Ndoa humfanya mtoto kuwa wa halali, kizazi humpa uraia na haki ya kurithi, na kifo huufungua mlango wa urithi wenyewe. Ni hatua tatu za safari moja ya mali kutoka mkono hadi mkono. Tena kuandikisha kifo kwa konseli hakukuwa lazima. Aliyekwenda kuandikisha ni yule aliyeihitaji karatasi, yaani aliyekuwa na nyumba, hisa au fedha za benki zisizoweza kuguswa bila ushahidi kwamba mwenyewe hayupo. Maskini aliyefiwa na maskini hakuwa na sababu ya kupanda ngazi za ubalozi.

Unguja karatasi hiyo ilikuwa na makali ya ziada, kwa sababu ilibidi kwanza ijulikane marehemu ni raia wa nani. Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Kutch, ndio waliokopesha misafara na kukodi forodha, na vitabu vyao vya madeni vilifika hadi Tabora na Ujiji. Kutch ilikuwa na mtawala wake, aliyekuwa chini ya kivuli cha Uingereza. Je, mtu wake akiwa Unguja ni raia wa Uingereza au wa Sayyid? Makonseli wa Uingereza, kuanzia Atkins Hamerton aliyefika 1841, walivutana na watawala wa Zanzibar juu ya swali hilo kwa miaka mingi, na kila jibu lilikuwa na gharama yake. Aliyejiweka chini ya konseli alipata mahakama ya kudaia madeni yake akiwa hai, na ya kulinda mali yake akifa. Lakini mwaka 1860 konseli Rigby aliwalazimisha Wahindi walio chini ya ulinzi wa Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, na wapo walioona heri wajitenge na ulinzi huo kuliko kupoteza watumwa. Watu walipima uzito wa uraia kwa mizani ya mali, na hakuna aliyeona ajabu.

Na mtumwa je? Aliyetekwa kando ya Ziwa Nyasa akafia katika shamba la karafuu Unguja naye alifia ugenini. Hakuwa na konseli, wala serikali ya nyumbani ya kuarifiwa. Bwana wake akifa kabla yake, mtumwa huyo alihesabiwa katika mirathi pamoja na mikarafuu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoueleza usajili kuwa ni huduma iliyoanza kwa wachache ikawafikia wengi polepole. Hapa wengine hawakuwa nyuma kwenye foleni. Walikuwa ndani ya orodha, upande wa vitu.

Pingamizi zito zaidi linatoka pwani kwenyewe. Wapo watakaosema: watu wetu hawakuhitaji daftari la konseli, kwani walikuwa na utaratibu wao. Hilo ni kweli, na lastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu linapuuzwa na wanaodhani kwamba hesabu ya vifo ililetwa na meli za Wazungu. Katika sheria ya Kiislamu tarehe ya kifo si jambo dogo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mwanzo wake ni kufa kwa mume. Katika mirathi nani alikufa kwanza ni swali linaloweza kumtoa mtu kwenye urithi au kumwingiza, hasa baba na mwana wanapofia safari moja. Habari ya kifo kutoka Manyema au Ngazija ilifika kwa barua ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu au kwa kinywa cha waliorudi, na kadhi alidai mashahidi waadilifu kabla ya kuigawa mali au kumruhusu mjane kuolewa. Aliyepotea bila habari alikuwa na hukumu zake, na wanazuoni walitofautiana asubiriwe kwa muda gani. Huu ni usajili uliokamilika, ila ulihifadhiwa katika ndimi za watu na makabrasha ya kadhi badala ya ofisi ya serikali. Hauivunji hoja yangu, kwani nao ulichochewa na haki za walio hai juu ya mali na ndoa. Tofauti iko kwingine. Kwa kadhi shahidi aweza kuwa hamali au nahodha, na mdai aweza kuwa mjane asiye na kitu ila haja ya kuanza eda. Kwa konseli ilibidi mtu awe raia kwanza, na kisha awe na chochote.

Misafara inatupa ushahidi mwingine, tena wa kushangaza. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipotoka pwani Novemba 1874 alikuwa na watu zaidi ya 300. Waliorudi Unguja Novemba 1877, baada ya kulivuka bara hadi mdomo wa Kongo, walizidi 100 kwa wachache tu. Baadhi walitoroka njiani, lakini wengi walikufa kwa ndui, kwa kuhara damu, kwa kuzama na kwa mapigano ambayo mara nyingi yeye mwenyewe aliyasababisha. Mtu huyu hakujulikana kwa upole. Lakini aliporudi Unguja alikaa siku kadhaa akiwalipa walionusurika, kisha akawalipa jamaa za waliokufa, huku akipambana na wadai wa uongo waliojifanya ndugu. Ili kufanya hivyo ilimpasa kujua fulani bin fulani alikufa, wapi, na akiwa amefanya kazi miezi mingapi. Kwa nini alijali? Kwa sababu jamaa hao walikaa Unguja ile ile ambamo angeajiri tena, chini ya macho ya Sultani, ya makonseli na ya matajiri waliodhamini misafara. Msafara usiolipa waliokufa ungepata shida kupata walio hai. Mdai alikuwa mlangoni, na alikuwa na nguvu.

Miaka 40 baadaye mdai yule yule alikuwa mbali. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliandikisha, kwa hiari na zaidi kwa nguvu, wapagazi wanaokaribia milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na sehemu za Tanganyika zilizokwisha kutekwa, ili kulisha jeshi lililomfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Kikosi cha wapagazi kiliongozwa na Oscar Watkins, afisa wa utawala, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia kamatakamata kubwa ya vijana wa Kenya. Kijana wa Kitui au wa Nyanza aliyepelekwa Rufiji alikuwa ugenini kwa kila maana: lugha nyingine, mvua nyingine, chakula kingine. Unga wa mahindi usiopikwa vizuri uliwaua kwa kuhara wengi zaidi kuliko waliouawa kwa risasi. Vifo vilivyokubaliwa rasmi vilikaribia 100,000, na kwa Kenya peke yake vilizidi 40,000.

Watu hawa hawakuwa bila maandishi. Mpagazi alipewa namba na kibati cha kumtambulisha, na mshahara wake uliandikwa katika vitabu, kwa kuwa jeshi lilipaswa kujua limtoe nani wapi na limlipe kiasi gani. Vita vilipokwisha zilibaki fedha nyingi za mishahara ya watu ambao hawakutokea kuzichukua, maana wengi wao walikuwa wamekufa. Watkins na serikali ya Kenya walizidai fedha hizo kwa ajili ya jamaa zao au kwa manufaa ya watu waliotoa vijana hao, wakuu wa London wakasita, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Sehemu kubwa haikuwafikia warithi. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiofisi: majina yaliandikwa kila karani kwa sikio lake, wengine walitoa majina ya uongo, jamaa hawapatikani. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Ila Stanley naye alikuwa na majina yaliyoandikwa kwa sikio, na wadai wa uongo juu yake.

Wakati huo huo Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina bila kujali cheo, ilikuwa ikichonga mawe. Makaburi ya Taveta na ya Dar es Salaam yana majina ya askari wa Kizungu, kila mmoja na jiwe lake. Kwa Waafrika ziliwekwa sanamu za shaba Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920, zenye maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanayowaahidi wapiganaji kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Hakuna jina hata moja juu ya sanamu hizo. Sijui kama Kipling aliiona kejeli hiyo. Waliolipia shaba bila shaka walikuwa na nafasi ya kuiona.

Watetezi wa maafisa wa wakati ule husema vita vilikuwa vurugu, karatasi zilipotea, mvua na mchwa vilimaliza kazi. Mwaka 2021 tume yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ya uchunguzi iliyolijibu dai hilo. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilikiri pia kwamba mara nyingine huo ulikuwa uamuzi: wakuu wa makoloni walishauri kwamba Mwafrika wa kawaida hangethamini jiwe la kaburi, na tume ikakubali. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tangu hapo nyaraka za zama za ukoloni zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi la Kenya zimetoa majina ya askari zaidi ya 3,000. Karatasi, basi, hazikuliwa zote na mchwa. Kilichokosekana ni mtu ambaye kumnyamazia kungemgharimu afisa yeyote chochote.

Ushahidi ninaouona kuwa mkali kuliko wote hauhusu waliokufa bali waliorudi. Kuanzia 1919 na 1920 Kenya ilitekeleza sheria ya kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika, ikachukua alama za vidole vyake, na kumvalisha kitambulisho kilichoitwa kipande katika kikopo cha chuma shingoni. Serikali iliyodai kwamba haiwezi kuyafuatilia majina ya wapagazi waliokufa iliweza, ndani ya muda mfupi, kumfuatilia mwanamume aliyetoroka shamba la mlowezi kutoka wilaya hadi wilaya. Kuandikisha vizazi na vifo kulikuwa kumewahusu Wazungu tangu 1904 na Waasia tangu 1906. Kwa Waafrika kuliletwa wilaya moja moja, na kukaenea nchi nzima mwaka 1971 tu, miaka minane baada ya uhuru. Kati ya tarehe hizo Mwafrika alikuwa na karatasi ya kufanyia kazi lakini hakuwa na karatasi ya kufa, awe nyumbani au ugenini.

Mkataba wa Vienna wa 1963 juu ya mahusiano ya kikonseli unaonekana kuyafuta yote haya. Unampa konseli kazi ya msajili, na katika kifungu cha 37 unaitaka nchi mwenyeji iiarifu ofisi ya konseli bila kuchelewa raia wake anapofia humo, kama wenye mamlaka wanazo habari hizo. Ni kifungu kizuri, na hakiulizi kama marehemu alikuwa na mali. Hapa msomaji ana haki ya kuniambia kwamba hoja yangu inaishia 1963: leo mtumishi wa ndani aliyefia Riyadh huandikwa sawa na mfanyabiashara, na jamaa hupata cheti. Nakubali nusu. Anaandikwa. Lakini tazama karatasi hizo zinafanya kazi gani. Cheti cha kifo cha nchi mwenyeji, kibali cha kusafirisha mwili, uthibitisho kwamba umetiwa dawa na jeneza limefungwa, pasipoti kufutwa, kisha kafili, yaani mwajiri mdhamini, kutoa stakabadhi ya mshahara uliobaki: kila moja inahamisha kitu kutoka upande huu hadi upande ule, mwili safari hii ukiwa miongoni mwa vitu. Sehemu ya sababu ya kifo inanakiliwa kama ilivyokuja. Konseli hana mamlaka ya kuichunguza, na ofisi yake tangu 1792 haikuundwa kuichunguza.

Mwingine atasema sababu ya kifo ni kazi ya polisi na madaktari wa nchi mwenyeji, na ubalozi ukiingilia utakuwa umevuka mipaka yake. Kisheria ni sahihi. Lakini mipaka hiyo ilichorwa na watu waliokuwa wakimfikiria tajiri aliyekufa kwa homa, ambaye hakuna aliyetilia shaka kifo chake na kilichobishaniwa kilikuwa madeni yake tu. Kwa kijana anayefia ndani ya nyumba ya mwajiri aliyeshika pasipoti yake, mambo yamegeuka: mali ni kidogo, madeni hayapo, na swali lote liko pale palipoachwa wazi. Mwaka 2021 wizara ya mambo ya nje ya Kenya iliwaeleza wabunge kwamba vifo vya Wakenya Saudi Arabia vilikuwa 3 mwaka 2019, 48 mwaka 2020, na 41 katika mwaka huo uliokuwa haujaisha, wengi wao watumishi wa nyumbani. Katika vyeti vingi iliandikwa kwamba moyo ulisimama. Katibu mkuu wa wizara hiyo hakuficha kwamba haimwingii akilini vijana wengi hivyo kuondoka kwa moyo, akapendekeza upelekaji wa wafanyakazi usitishwe. Hakupendekeza vyeti vipingwe, na kwa sheria ilivyo hakuwa na mahali pa kuvipinga.